Lango Lisilopiga Hodi

Ilianza Jumatano, saa tisa na dakika arobaini alasiri, wiki ya pili baada ya likizo ya mwezi wa saba, nikiwa Kidato cha Tatu. Dakika nazijua kwa sababu kazi yangu ya kwanza kwenye shamba la chumvi ilikuwa kuandika dakika. Nilisimama juu ya tuta na daftari jipya, kalamu ikining'inia shingoni kwa uzi, nikaambiwa nipige hodi kwenye shimo.

Nimestaafu Ijumaa iliyopita. Chekeni tu. Nina miaka kumi na minane na mtihani wa Kidato cha Nne uko mlangoni, kwa hiyo nimekabidhi ufunguo wa karakana, haidromita mbili za kupimia ukali wa maji (moja ina ufa shingoni lakini ndiyo inayosema kweli) na daftari lenyewe. Mwalimu Ngonyani, anayetufundisha Fizikia na ndiye aliyeiunganisha shule yetu na shamba la chumvi, aliniomba niandike maneno machache kwa ajili yenu mnaonifuata, wadogo zangu wa Kidato cha Pili na cha Tatu. Nadhani alitegemea ukurasa mmoja. Mtu asiyesema sana hubaki na mengi ya kuandika.

Habari za cheti tulichopewa kwenye maonesho ya Lindi sitaziandika, kipo ukutani ofisini kwa mkuu wa shule, kakisomeni. Nitaandika habari za lango. Mtalikuta lina mota, betri na sola, linaweza kabisa kujifungua lenyewe, lakini halijifungui. Tulilibadilisha wenyewe: linapiga honi, kisha linasubiri mtu aje kuvuta wenzo. Kila mgeni huuliza kwa nini, na mimi kila mara nilimwachia Mwalimu ajibu. Jibu langu ni hili.

Mabwawa yapo nyuma ya mikoko, dakika ishirini kwa bodaboda kutoka sokoni Masoko. Maji ya bahari huingia kwa kalvati la zege lililopita chini ya tuta kubwa, lile la kupitisha lori. Ndani yake mtu mzima hutambaa, hasimami, na urefu wake ni kama darasa letu mara mbili. Upande wa bahari kuna lango la mbao linalopanda na kushuka. Bamvua ikifika, mwezi ukiwa mpya au mpevu, maji hujaa mpaka juu saa kumi hivi alasiri. Hapo lango hufunguliwa, bwawa la kwanza linajaa, na baadaye maji husogezwa bwawa kwa bwawa yakizidi kuwa makali, hadi lile la mwisho ambako jua huyanywa na kuacha chumvi. Asubuhi, maji yakiwa yamekupwa, wafanyakazi huingia ndani ya kalvati kukwangua chaza na kutoa majani ya mikoko. Hayo tu mkiyajua, mengine yote mtayaelewa.

Sehemu yenyewe niliiogopa tangu siku ya kwanza, na sikumwambia mtu. Kule mbele ni kweupe mno. Hakuna kivuli wala ndege. Mtu akitokea bwawa la mwisho mchana, mazigazi humkata miguu, unamwona kutoka kiunoni kwenda juu, anaelea anakuja, na huwezi kujua ni nani mpaka afike karibu. Sauti nazo haziji kama zinavyokuja mahali pengine. Unaweza kusikia mtu akikohoa sikioni mwako, ukigeuka yuko mabwawa matatu mbali, anachota.

Kiongozi wa kundi la maji alikuwa Bi Somoe, mwenyeji wa Kinjumbi, mama wa makamo mwenye viganja vilivyopasuka kwa chumvi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaiangalia kalamu yangu ya shingoni.

"Wewe ndiye wa kuandika?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Basi kabla ya kufungua lango tunapiga hodi mara tatu pale kwenye mdomo wa kalvati. Halafu tunasubiri. Wewe utaanza leo."

"Tunamsubiri nani?"

"Tunasubiri."

Muda wa kusubiri haukupimwa kwa saa. Waislamu walisoma Alhamdu mpaka mwisho, na wale waliotoka milimani, Wakatoliki, walisali Baba Yetu. Mwenzangu Deo, mtoto wa wakulima wa Miteja aliyepangwa nami shifti moja, alinong'ona kwamba Baba Yetu ni ndefu kuliko Alhamdu na Wakristo tunaonewa kazini. "Ila mimi yangu naisoma mwendo wa bodaboda," akasema.

Nilichuchumaa mdomoni mwa kalvati. Baridi ilitoka mle ndani, na harufu ya matope ya zamani. Nikasema hodi. Nilidhani nimeisema.

"Hiyo ni hodi au umeota?" Bi Somoe akauliza. Watu wakacheka. Nikarudia, ikatoka kama mtu anayeomba msamaha. Kuanzia siku hiyo Deo akaniita Spika, na jina hilo limenifuata mpaka kustaafu.

Mwishowe Bi Somoe akapiga yeye. Hodi yake iliingia kalvatini na kukaa humo. Tukasubiri. Nilikuwa nimefika katikati ya Alhamdu pakagongwa.

Mara moja tu. Chuma kwenye zege, ngo, kutoka ndani kabisa.

Hakuna aliyeshtuka, na hilo ndilo lililonitisha. Watu waliweka chini majembe. Bi Somoe akatuhesabu kwa kidole, mmoja mmoja, nami nikiwemo. "Tupo wote," akasema. "Leo hatufungui." Wakaenda kurekebisha matuta ya upande wa pili kana kwamba mtu kasema mvua itanyesha. Nikaandika: Saa tisa na dakika arobaini. Hodi. Pamegongwa. Hapakufunguliwa. Waliopo, wote.

Meneja wa shamba aliposikia alikuja juu ya tuta akijifuta jasho. "Bi Somoe, huo mzimu wako unakula chumvi nyingi kuliko wateja wangu."

"Mzimu sijauona, bosi. Nimesikia mtu amegonga."

"Mtu gani, na watu wote wako hapa?"

"Ndiyo nakwambia, simwoni."

Mwezi wa kwanza nilijifunza vitu vingi ambavyo havipo kwenye silabasi. Bi Somoe alipima ukali wa maji kwa ulimi. Anachovya kidole, anaonja, anatema, anasema, "Hili bado siku mbili." Mimi nachovya haidromita, nasoma, naandika. Wiki tatu za mwanzo tulitofautiana mara nne, na mara tatu yeye ndiye aliyekuwa sahihi, kwa sababu nilikuwa nasoma haidromita jicho likiwa juu ya usawa wa maji. Ile ya nne alisema alikuwa na mafua. Someni mstari kwa jicho lililo sawa na maji, na msile pipi kabla ya kuonja.

Jambo la pili alilonifundisha ni la pini. Tulileta kutoka shuleni pampu ndogo tuliyoiunda, akaizunguka, akauliza, "Inazimwaje?" Deo akamwonyesha swichi. "Na swichi ikikataa?" Deo akaibonyeza tena. "Mashine isiyo na mahali pa kukatiwa kwa mkono msiniletee." Tangu hapo kila kitu tulichounda tulikiwekea pini ya chuma ya kung'oa kwa nyundo, na yeye alizifunga utepe wa kanga nyekundu ili hata mgeni azione. Kila mtakachounda, kiwekeeni pini hiyo.

Sasa kule kugonga. Nilichora safu mpya daftarini, nikaiita Aliyegonga, na kila siku ya bamvua nilijaza saa na upepo, nikiliacha jina wazi. Kufikia mwezi wa kumi safu ilianza kusema. Paligongwa siku za bamvua kubwa tu, tena kusi ikiwa kali. Siku nyingine kimya. Nilimwonyesha Mwalimu Ngonyani, akafurahi mpaka akaniaibisha mbele ya darasa. "Huyu ndiye mwanasayansi," akasema. "Wengine wanasikia mzimu, yeye anachora jedwali."

Asubuhi moja ya Jumamosi, maji yakiwa mbali, niliingia ndani ya kalvati na tochi. Deo alibaki mdomoni akiimba ili nisiogope, anaimba vibaya, nikaogopa zaidi. Ndani mle magoti yanaumia na pumzi yako inakurudia usoni kama ya mtu mwingine. Theluthi mbili ya njia niliikuta. Nondo, urefu wa mkono, imetundikwa juu kwa waya ulioota kutu, ncha yake karibu inagusa sakafu. Nikaisukuma kidogo. Ngo. Ilikuwa sauti ile ile. Bamvua ikipiga lango, maji mengine hupenya chini ya mbao, na mkondo wake ulitosha kuibembeza ncha.

Nilichokiona pia, na sikukiandika, ni kwamba nondo ile ilikuwa na kutu kote isipokuwa katikati. Katikati palikuwa laini, panang'aa kidogo, kama mpini wa jembe la siku nyingi. Mahali pa kiganja.

Nikaukata waya, nikatoka na nondo.

Shuleni walipiga makofi. Meneja alinipa soda. Bi Somoe aliitazama nondo mkononi mwangu bila kuigusa. "Ulipoitoa ulimwomba nani?" Nikaigeuza nondo mkononi. Akasema, "Haya. Iweke pakavu." Nikaiweka mezani karakana, ikawa inazuia karatasi zisipeperuke.

Toka siku hiyo hapakugongwa tena. Lango lilifunguliwa kila bamvua, chumvi ikawa nyingi, na wafanyakazi wakaacha kula chakula chao juu ya lile tuta. Hakuna aliyepanga iwe hivyo. Walihama tu, kidogo kidogo, na sahani zao. Nilimuuliza mama mmoja wa kubeba magunia, akasema, "Pamekuwa kama nyumba iliyohamwa, mwanangu. Unakaa mlangoni pa nani?"

Kidato cha Nne ndipo nikaunda lango la kujifungua lenyewe. Mtasikia kwamba niliona upotevu wa muda nikabuni suluhisho, ndivyo ilivyoandikwa kwenye bango tulilopeleka kwenye maonesho. Ukweli ni kwamba nilikuwa naona haya kupiga hodi. Mwaka mzima, kila bamvua, watu wazima waliacha kazi kunisubiri nitoe sauti, na sauti haikutoka, na Deo aliniigiza. Nikawaza, lango likijifungua lenyewe sitapiga hodi tena maishani. Nguvu yote ya ubunifu wangu ilitoka hapo.

Mota ni ya waipa, tuliipata kwenye pikapu mbovu iliyolala uani kwa meneja. Ina nguvu kuliko mnavyodhani, na ukiikatia umeme hairudi nyuma, inashika pale pale. Boya la kwanza, la upande wa bahari, ni dumu la mafuta ya kula. Maji yakifika alama, dumu linapanda, swichi inabana, mnyororo unavuta lango juu. Boya la pili tulilifunga ndani ya mdomo wa kalvati upande wa bwawa, lisipigwe na upepo. Bwawa likijaa, hilo ndilo linalozima. Pini ya Bi Somoe ikawekwa kwenye mnyororo, na utepe wake.

Bi Somoe alitazama lango likipanda mara ya kwanza bila mkono wa mtu. Mnyororo ulikuwa unalia taratibu.

"Na hodi?" akauliza.

"Haihitaji, Bi Somoe. Inajua maji yenyewe."

"Maji inayajua. Watu je?"

Mwalimu akaingilia kati kwa heshima, akasema tutaweka ubao: ni marufuku kuingia kalvatini baada ya saa nane mchana siku za bamvua. Tukaupaka rangi nyekundu, tukausimika. Wote tuliusoma. Kusoma hakukutushinda.

Likafanya kazi vizuri wiki sita. Nilipaswa kufurahi. Lakini kila alasiri nilipolisikia likianza kulia na kupanda, na juu ya tuta hakuna mtu, nilihisi kwamba kuna swali lilipaswa kuulizwa na halijaulizwa. Mara mbili nilijikuta nasema hodi moyoni, nikajicheka. Mara ya tatu sikujicheka.

Halafu wageni wa mkoa wakapanga kuja. Walitaka kuona, kwa maneno ya barua yao, namna elimu na viwanda vinavyoshikana mikono kukuza ubunifu. Ilikuwa Alhamisi, bamvua kubwa, kusi inavuma. Viti sita vya plastiki vilipangwa juu ya tuta chini ya mwavuli wa soda. Mimi nilipewa dakika tatu za kueleza. Niliandika maneno yangu kwenye karatasi nikayalaza chini ya nondo usiku kucha, na mchana ule kabla ya kutoka karakana niliinyanyua kwa mkono wangu mwenyewe nikachukua karatasi. Ilikuwa mezani. Nairudia kwa sababu mtaniuliza. Nondo ilikuwa mezani.

Maji yakapanda. Meneja akaeleza ukarimu wake. Mwalimu akaniashiria, nikasimama, nikafungua karatasi, ulimi umekauka kama nimelamba bwawa la mwisho. Nilimtafuta Deo kwa macho, maana yeye akinifanyia utani nasema vizuri zaidi. Sikumwona. Nikadhani amefuata maji ya kunywa ya wageni.

Dumu likafika alama kabla sijasema neno. Swichi ikabana, tik. Mnyororo ukaanza kulia, lango likapanda. Wageni wakapiga makofi, nami nikashukuru kwamba sitasema tena.

Ndipo pakagongwa.

Ngo. Kutoka ndani, chini ya miguu yetu. Kisha tena.

Makofi yalikuwa yanaendelea. Nilimtazama Mwalimu, alikuwa amesikia, midomo yake ikanitengenezea neno hewa, kana kwamba ni hewa tu iliyonaswa kalvatini. Nilimtazama Bi Somoe, naye alikuwa tayari anahesabu watu kwa kidole. Kidole kikasimama.

Sikufikiri. Nikang'oa waya wa betri. Mota ikanyamaza, lakini lango lilikuwa limeshapanda kiasi cha kiganja, na kiganja cha bamvua si maji ya mchezo, yalikuwa yanaingia yakinguruma. Nikapiga kelele, "Pini, Bi Somoe, pini." Hiyo sauti sikuijua ni ya nani. Bi Somoe alikuwa na nyundo mkononi, alipigapiga mara mbili, utepe mwekundu ukaruka, lango likaanguka kwa uzito wake na tuta zima likatikisika.

"We binti, unafanya nini?" Meneja akasimama. "Mbele ya wageni?"

Nilikuwa nimeshateremka upande wa bwawa. Nikapiga magoti mdomoni mwa kalvati, maji ya mwisho yakinipita mapajani, nikapiga hodi. Mara tatu, kwa nguvu zangu zote. Ilienda mpaka mwisho na kurudi. Nikaanza Alhamdu, kwa sababu sikujua kingine cha kufanya. Nilikuwa sijaifikia aya ya tano nikasikia mtu anakohoa.

Deo alitoka kwa tumbo, amelowa mpaka nywele, majani ya mikoko masikioni, boya la pili kalikumbatia kama mtoto.

"Oya, Spika," akasema, meno yanagongana, "mbona umefungua bila kupiga hodi?"

Aliliona boya limenaswa na majani. Aliogopa bwawa litafurika mbele ya wageni nami nitaaibika, akaingia kulinasua haraka kabla maji hayajafika alama. Hakumwambia mtu. Ubao alikuwa ameuruka. Bi Somoe alijivua kanga ya juu akamfunika. Mgeni mmoja, mzee mpole mwenye miwani, alimuuliza Mwalimu kwa sauti ya chini kama hii nayo ni sehemu ya onesho.

Walipoondoka, tulikaa karakana, Deo anakunywa chai ya tangawizi kwa mikono miwili.

"Uligonga na nini?" nikamuuliza. "Jiwe?"

"Kugonga?"

"Uligonga mara mbili. Ndiyo nikakata waya."

Akanitazama kutafuta utani, akaukosa. "Sikugonga mimi. Mikono yote ilikuwa kwenye waya wa boya. Nilipiga ukunga maji yaliponijia, hamkusikia ukunga?"

Hakuna aliyeusikia ukunga. Maji yalikuwa yananguruma.

"Sasa nyie mlisikia nini?" Deo akauliza.

Mwalimu Ngonyani alikuwa anaitazama nondo mezani. Alifungua mdomo, nadhani kusema hewa, akaufunga. Akasema anakwenda kumsindikiza Deo bwenini.

Tulibaki mimi na Bi Somoe, adhana ya magharibi bado haijatoka. Akavuta kiti, na kwa mara ya kwanza akaishika ile nondo. Aliishika pale katikati palipo laini.

"Ni ya kaka yangu," akasema. "Shabani. Yeye ndiye alikuwa anasafisha kalvati, zamani, wewe hujazaliwa. Alijitundikia hii, akasema, mkitaka kufungua nami nimo, nitagonga. Na alikuwa anagonga. Siku moja waliokuwa juu walikuwa na redio. Tulipomtoa, alikuwa bado ameishika. Mimi ndiye niliyeirudisha mahali pake. Hodi imeanzia hapo."

Nikamwambia nilithibitisha kwamba ni maji yaliyokuwa yakiigonga, yapo kwenye jedwali.

"Unadhani sijui ni maji? Mimi nimekulia kwenye haya maji."

"Sasa kwa nini mlikuwa hamfungui?"

"Ikigonga, unakumbuka kuhesabu watu. Tukipoteza bamvua moja, tumepoteza chumvi. Tukizoea kusema ni maji..."

"Na leo, Bi Somoe? Leo ilikuwa hapa mezani."

"Leo ilikuwa hapa mezani," akasema, kama mtu anayekubali hesabu.

Nikamwambia basi yale ambayo sikuwahi kumwambia mtu, kwamba lango lote nililiunda kwa sababu ya haya, ili nisipige hodi. Nilidhani atakasirika.

"Najua," akasema. "Nilikusikia siku ya kwanza. Yaani, sikukusikia."

Kesho yake, Ijumaa, nilifika kwenye mabwawa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na sare ya shule nimeikunja mkobani. Maji ya alfajiri yalikuwa yanarudi baharini. Waya wa betri ulikuwa umefunguliwa bado, na Bi Somoe alikaa juu ya lango lenyewe, miguu inaning'inia, ili asiwepo wa kulifungua. Nilikuwa na nondo, tochi, koleo na waya mpya. Nikachuchumaa mdomoni, nikapiga hodi mara tatu. Bi Somoe hakusema kwamba hajasikia. Nikasoma Alhamdu mpaka mwisho, pole pole, nikangoja kidogo tena baada ya hapo, kisha nikaingia.

Maji yalikuwa ya kifundo. Niliupata ule mwanya wa zamani juu, nikapitisha waya mpya, nikaukaza kwa koleo. Kabla ya kuiachia nondo, kiganja changu kilikuwa kimekaa pale palipo laini, na palikitosha. Nikaigonga ukutani mara moja, kwa nguvu, asikie aliye juu.

Nikatoka, nikakaa kwenye tuta, nikafungua daftari. Kwa siku ya Alhamisi, katika safu ya Aliyegonga, sikuandika kitu. Chini yake nikaandika: Ijumaa, saa moja kasoro dakika kumi asubuhi. Hodi. Nimesubiri. Pamegongwa. Aliyegonga, mimi.